Siku 263 bila ajali, na mguu wa mwenzetu uliovunjika

Mchimba_Visima_Nkr (mwanzilishi wa uzi)

Wakuu, salamu kutoka Nakuru. Mimi ni mchimba visima vya maji, mwaka wa kumi na nne huu. Nilianza nikibeba mabomba, sasa ndimi ninayeshika mtambo. Uzi utakuwa mrefu, mnivumilie.

Mpwa wangu wa Kakamega ameitwa kazi kwenye mtambo wa mafuta baharini, huko Ghuba ya Uajemi. Jana usiku dada yangu alinipigia, hakuuliza mshahara wala tiketi. Aliuliza: "Huko anakoenda, watamtunza?" Nilimwambia nitamjibu, na tangu hapo nimekuwa nikisoma ripoti za ajali za mitambo ya baharini hadi macho yakaniuma.

Lakini nianze na la kwetu, kwa sababu ndilo lililonifanya nisome.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kibarua wa kampuni fulani ya visima. Siitaji, na mnaonijua naomba msiitaje. Tulikuwa upande wa Rongai, tumeshafika mita tisini na kitu, kompresa inasukuma hewa ya paundi 350 kwa kila inchi ya mraba. Ule mpira wa hewa unaotoka kwenye kompresa ni mnene kama mkono wa mtu mzima. Pale unapounganika na mtambo huwa kuna kamba ya chuma ya kuushikilia, ili kiungo kikichomoka mpira usiruke. Kamba yetu ilikatika Jumatatu. Mimi niliiona. Wenzangu waliiona. Msimamizi naye aliiona, akapafunga kwa waya wa ua, akasema mpya italetwa.

Alhamisi saa tano asubuhi kiungo kikachomoka. Unasikia kama lori limeachia hewa ya breki ndani ya sikio lako, kisha vumbi jeupe, kisha mpira unachapa ardhi huku na huku kama nyoka aliyekatwa kichwa. Ulimpata mwenzetu chini ya goti. Mfupa ulitokeza kwenye ovaroli.

Ijumaa nilifika yadi saa moja kasoro. Langoni palikuwa na ubao wa kijani, namba zinaandikwa kwa chaki: SIKU 263 BILA AJALI. Mlinzi alikuwa ameshika kitambaa. Akafuta ile 3, akaandika 4.

Kwenye kitabu cha ajali iliandikwa kwamba aliteleza akishuka kwenye lori baada ya saa za kazi. Sisi watatu tukaitwa kutia sahihi kama mashahidi. Nilitia. Nilikuwa na mtoto wa miezi minne na kodi ya miezi miwili. Nasema hivyo ili mjue jinsi ilivyokuwa, sitafuti kujisafisha.

Sasa tuingie baharini.

Tarehe 20 Aprili 2010, kwenye Ghuba ya Meksiko, kilomita kama 66 kutoka pwani ya Louisiana, mtambo wa Deepwater Horizon ulikuwa ukimalizia kisima kilichoitwa Macondo, mahali ambapo maji peke yake yana kina cha mita 1,500. Mwenye kisima ni BP. Mwenye mtambo ni Transocean. Aliyetia saruji ya kuziba kisima ni Halliburton. Ndani walikuwemo watu 126. Siku hiyohiyo wakubwa kutoka BP na Transocean walifika kwa helikopta, na moja ya sababu ni kuwapongeza wafanyakazi kwa miaka saba bila ajali ya kumfanya mtu akose kazi hata siku moja.

Niliposoma hapo niliweka simu chini nikatoka nje. Niliuona ule ubao wa kijani.

Usiku huo kisima kilifoka, gesi ikashika moto, watu 11 wakafa. Siku mbili baadaye mtambo ukazama. Mafuta yalimwagika baharini siku 87.

Ninyi wa kazi ya kuchimba, tazameni kipimo walichofanya jioni ile. Ukishatia saruji chini, unapunguza uzito ndani ya kisima makusudi, halafu unatulia kuona kama kuna kitu kinasukuma kutoka chini. Saruji ikiwa imeshika, geji inabaki sifuri. Yao ilipanda hadi paundi 1,400 kwenye bomba la kuchimbia. Hizo ni mara nne ya kompresa iliyomvunja mwenzangu mguu. Geji ilikuwa inawaambia waziwazi kwamba chini hakujafunga. Wakajadiliana. Mmoja mwenye uzoefu akasema ameshaona hali hiyo, ni uzito wa tope, lile linalojazwa kisimani kuzuia gesi isipande, unaobonyeza mpira wa vali. Wakapima tena kupitia bomba jingine dogo, likasoma sifuri. Wakaichukua ile sifuri, wakaendelea kutoa tope zito na kuweka maji ya bahari, yaani wakaondoa kitu pekee kilichokuwa kinakikalia kisima.

Na asubuhi ya siku hiyohiyo, kikosi cha kukagua ubora wa saruji, ambacho kilikuwa tayari kiko mtamboni, kilirudishwa nchi kavu bila kukagua. Kazi yao ingegharimu kama dola 128,000. Kisima chenyewe kilikuwa kikila karibu dola milioni moja kwa siku, na kilikuwa kimechelewa wiki kadhaa.

Swali langu kwenu: kati ya wale watu 126, nani angeweza kusema "simamisheni" na kesho yake akabaki na kazi? Maana kwenye karatasi kila mmoja wao alikuwa na haki ya kusimamisha kazi.

Kazi_Kwanza

Mkuu, pole kwa mwenzako. Lakini tusiwasamehe wafanyakazi. Nimesimamia mijengo Eldoret na Kisumu. Unampa mtu helmeti, anaigeuza kiti. Unampa glavu, anaziuza. Ajali nyingi zinaletwa na uzembe wa mtu mwenyewe, na bosi ndiye anabebeshwa lawama. Wale wa huko Marekani si walisoma geji vibaya wenyewe?

Mchimba_Visima_Nkr

Kaka, helmeti naikubali. Lakini helmeti inakulinda na jiwe. Gesi ikipanda kutoka chini ya bahari, wenye helmeti na wasio nayo wanakufa pamoja. Ubao wa langoni unahesabu vidole na miguu. Hauhesabu saruji iliyotiwa kwa haraka, wala kamba iliyofungwa kwa waya wa ua. Unaweza kukaa miaka saba bila mtu kuteleza, na kisima kiko mbioni kulipuka.

Kuhusu waliosoma geji, ni kweli walikosea. Hebu tazama pia kilichokuwa nyuma yao. Kuna fundi mkuu wa elektroniki wa mtambo ule aliyetoa ushahidi kwamba king'ora cha jumla kilikuwa kimezuiwa kulia chenyewe, kwa sababu wakubwa hawakutaka watu waamshwe saa tisa usiku na kengele za bure. Vali kubwa ya dharura iliyokaa sakafuni mwa bahari, ile yenye visu vya kukata bomba, haikuweza kukifunga kisima, kwani bomba lilikuwa limepinda ndani yake. Hayo yote hayakuletwa na mtu wa zamu ya usiku.

Au chukua mtambo wa Piper Alpha, Bahari ya Kaskazini, upande wa Scotland, tarehe 6 Julai 1988. Watu 167 walikufa. Mchana mafundi walitoa vali ya usalama ya pampu moja ili waikague, wakaziba tundu kwa kifuniko cha muda ambacho hakikukazwa barabara. Kazi haikuisha. Zamu zikabadilishana. Usiku pampu ya pili ikazima, wenzao wakatafuta vibali vya kazi ili waone kama ile ya kwanza inaweza kuwashwa. Kibali cha matengenezo ya pampu walikiona. Kibali cha vali hawakukiona. Wakawasha. Gesi ikapenya palepale kwenye kifuniko.

Pampu za kuzimia moto zilikuwa zimewekwa zisijiwashe zenyewe, ili zisiwafyonze wapiga mbizi majini. Na mitambo miwili jirani, Claymore na Tartan, iliendelea kusukuma mafuta na gesi kwenye mabomba yaliyoelekea kwenye moto huku wakiuona ule moto kwa macho. Msimamizi wa Claymore alisita kuzima. Kuzima ni hasara, na hasara ina mwenyewe, huwezi kuikata bila kuuliza.

Waliambiwa wasubiri kwenye jengo la malazi. Wengi waliotii walifia humo kwa moshi. Walionusurika wengi ni wale walioteremka kwa kamba au kuruka baharini. Kwa hiyo ndugu yangu, tukisema uzembe, tuanzie na aliyepanga kazi.

Mvuke_Naivasha

Niongezee kidogo, mimi niko kwenye visima vya mvuke. Sisi pia tunatumia vali za kuzuia kisima kisifoke, kwa sababu chini kuna maji ya nyuzi zaidi ya mia mbili, na yakipata nafasi yanageuka mvuke palepale. Nimeona kwamba kukabidhiana zamu ndiko kunakoamua mengi. Mtu amechoka, gari la kumpeleka mjini linapiga honi, anasema "kila kitu kiko sawa, nimeandika kwenye kitabu," anaondoka. Mahali nilipo tunatembea pamoja dakika ishirini, anayetoka na anayeingia, tunagusa kila vali kwa mkono, na gari linangoja. Dereva analalamika kila siku. Tumezoea.

Nyar_Dunga

Wanangu, mimi nauza samaki hapa Dunga, Kisumu. Sijui mambo ya geji. Nauliza, hao wavuvi wa huko kwenye ghuba walikula nini siku hizo 87? Maana mafuta ya kwenda Uganda sasa yanapakiwa kwenye gati la hapa kwetu na kupita ziwani, na sijawahi kusikia mtu akituita kutueleza kitu kikimwagika tutapiga simu wapi.

Mchimba_Visima_Nkr

Mama, swali lako ni zito. Kule serikali ilifunga uvuvi kwenye eneo kubwa sana, ilifika zaidi ya theluthi moja ya maji ya serikali kuu kwenye ghuba. Boti zikafungwa kamba. Baadhi ya wavuvi wakaajiriwa na BP hiyohiyo kusafisha mafuta. Juni 2010 kampuni ilikubali kutenga dola bilioni 20 za kulipa waliopata hasara. Walilipwa wengi, lakini ulitakiwa uwe na karatasi: stakabadhi za mauzo, kumbukumbu za kodi. Mvuvi aliyeuza kwa pesa mkononi bila kuandika alipata taabu kuthibitisha alichopoteza.

Kama mna chama cha ufuo, Mama, anzeni kuandika kilo na bei kila siku kwenye daftari. Na muulize kwa barua nani anasimamia umwagikaji kwenye gati, barua iwe na mhuri wa kupokelewa.

Nyar_Dunga

Asante mwanangu. Daftari ninalo la madeni tu. Nitaanza lingine.

Kijana_wa_Molo

Kuhusu lawama kumwangukia mtu wa mwisho. Mimi ni wa karibu na Sachang'wan. Tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilianguka pale, watu wakaja na mitungi, moto ukawaka, wakafa zaidi ya mia moja. Nilikuwa darasa la sita. Hadi leo ukitaja Sachang'wan utaambiwa ni tamaa ya watu, au ni nani alileta kiberiti. Mteremko ule ulikuwa unaangusha malori kabla ya siku hiyo, na uliendelea kuyaangusha. Mtu akishapatikana wa kulaumiwa, barabara inasahaulika.

Mchimba_Visima_Nkr

Kijana, pole sana. Hapo umenisaidia kufika nilipotaka.

Baada ya Macondo, nani aliwajibika? Mwaka 2012 BP ilikiri makosa 14 ya jinai, 11 kati yake ni ya kusababisha vifo, ikakubali kulipa dola bilioni 4. Mwaka 2014 Jaji Carl Barbier aliamua kwamba BP ilifanya uzembe mkubwa, akaigawia asilimia 67 ya lawama, Transocean 30, Halliburton 3. Mwaka 2015 yakafikiwa mapatano ya dola zaidi ya bilioni 20. Hiyo ni kampuni. Kwa watu binafsi, wasimamizi wawili wa BP waliokuwa kwenye mtambo ndio walioshtakiwa kwa vile vifo. Mashtaka ya kuua yakaondolewa. Mmoja alikiri kosa dogo la kuchafua maji, akapata miezi kumi ya uangalizi nje ya jela. Wa pili akaachiliwa na mahakama. Hakuna aliyelala jela hata usiku mmoja kwa hukumu ya vifo hivyo 11, na waliopanga ratiba na bajeti ofisini hawakufikishwa kizimbani kwa vifo hivyo.

Piper Alpha hapakuwa na kesi ya jinai kabisa. Lakini palikuwa na uchunguzi wa Lord Cullen, jaji wa Scotland, ulimalizika 1990 ukiwa na mapendekezo 106, na kuna mawili ambayo hata mimi kwenye kisima cha maji nayatamani. La kwanza, mwenye mtambo athibitishe kwa maandishi, kabla hajaanza kazi, kwamba anajua kila kitu kinachoweza kuua watu wake na atakizuiaje. Mzigo uwe wake, mkaguzi asiwe wa kuja kuhesabu vizima moto. La pili, ofisi inayotaka mafuta yatoke isiwe ndiyo inayokagua usalama. Waingereza waliuhamisha ukaguzi kutoka wizara ya nishati. Wamarekani walikuwa na ofisi moja inayokusanya mapato ya mafuta na hiyohiyo inakagua visima, hawakuigawanya hadi baada ya Macondo. Miaka zaidi ya ishirini baada ya Piper Alpha! Ripoti ilikuwepo, imechapishwa, kwa Kiingereza chao wenyewe.

Na kwetu mambo haya hayako mbali. Mwaka 2012 mafuta yalipatikana Turkana, na mwaka huohuo kisima cha Mbawa kilichimbwa baharini pwani yetu kikakuta gesi, ingawa haikutosha kuuzwa. Siku moja wachimbaji watarudi.

Karani_Mstaafu

Kwa faida ya wasomaji. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, kifungu cha 14, inasema mfanyakazi akiona hatari kubwa aripoti kwa msimamizi wake, na hadi hatari iondolewe mwajiri hana ruhusa ya kumlazimisha kurudi hapo. Ajali nayo lazima ifikishwe kwa afisa wa usalama na afya kazini wa eneo hilo. Fidia iko kwenye sheria nyingine ya mwaka huohuo, ile ya fidia kwa majeraha ya kazini. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama yenye wawakilishi wa wafanyakazi.

Mchimba Visima, nisamehe kuuliza. Mwenzako aliishia wapi?

Mchimba_Visima_Nkr

Mzee, nilijua mtu atauliza.

Bili ya hospitali ililipwa. Fidia hakuna, kwa sababu kwenye kitabu aliteleza nje ya saa za kazi na mashahidi watatu walikubali. Mguu uliunga ukapinda. Sasa ana kibanda cha kutengeneza simu. Mwaka jana nilimwendea. Nilikuta anaunganisha waya mwembamba kama unywele, ameinama, fimbo imeegemezwa ukutani. Nilimwambia, "Ile sahihi yangu ilikuwa ya uongo. Nataka kuandika ukweli mbele ya wakili." Hakuinua kichwa. Akamaliza ule waya, akawasha simu, ikawaka. Ndipo akasema, "Wewe ni wa pili. Wa kwanza alikuja mwaka juzi." Tumeandika wawili. Wa tatu tunamtafuta, tulisikia yuko Bungoma. Wakili anasema muda umetuponyoka sana, lakini ameipokea.

Tangu siku hiyo kwenye mtambo wangu kibarua yeyote akiinua mkono, nazima kompresa kwanza, nauliza baadaye. Mwezi uliopita ilizimwa mara nne. Mara tatu hapakuwa na kitu. Mwenye mtambo aliuliza kuhusu dizeli na saa zilizopotea, nikamwambia azikate kwangu. Hajakata.

Kazi_Kwanza

Nimesoma yote. Naomba kuuliza kwa nia njema. Hizo mara tatu zisizo na kitu, unamwambia nini aliyeinua mkono?

Mchimba_Visima_Nkr

Namwambia asante mbele ya wote, na namtaja jina. Kaka, hapo ndipo penyewe. Ukimkaripia mara moja tu, ya nne haitainuliwa. Kule Norwe mwakilishi wa usalama anayechaguliwa na wafanyakazi ana mamlaka ya kisheria ya kusimamisha kazi yenye hatari papo hapo, haombi ruhusa kwa mtu. Mimi sina sheria hiyo, nina swichi tu.

Shinyalu_27

Mjomba, ni mimi. Mama amenitumia uzi huu. Mkataba ninao, kurasa 14, natakiwa kusaini Jumatatu. Kuna mahali pameandikwa kila mfanyakazi ana haki ya kusimamisha kazi. Lakini mimi ni mgeni, tena wa chini kabisa. Nikisimamisha wiki ya kwanza si watanipandisha ndege?

Mchimba_Visima_Nkr

Mwanangu, hilo la haki liliandikwa hata kule Macondo. Kabla ya kusaini, piga simu kwa hao wakala uwaulize mambo matatu. Kwenye mtambo huo, mara ya mwisho mtu wa cheo chako kusimamisha kazi ilikuwa lini, na yuko wapi leo? Kukabidhiana zamu kunachukua dakika ngapi, na dakika hizo zinalipwa? Ukiumia, kitabu cha ajali kinaandikwa na nani, na wewe unapewa nakala? Uliza kwa adabu, andika jina la anayekujibu na saa.

Shinyalu_27

Nimepiga. La zamu amesema ni nusu saa na inalipwa. La nakala amesema ndiyo. La kwanza alinyamaza kidogo, akasema hajawahi kuulizwa, ataniulizia kwa watu wa mtamboni na kunijibu kesho mchana.

Mchimba_Visima_Nkr

Usisaini kabla hajajibu, hata wakikwambia nafasi inakwenda. Niko Subukia hadi Jumamosi, mtandao wa huku ni wa kupanda mlimani, lakini saa saba nitakuwa juu pale kanisani. Nipigie ukishamsikia. Mama yako nitampigia nikishakusikia wewe.